Mistari Mitatu ya Pini ya Hedseti

Pini ya hedseti ya simu ina unene wa milimita 3.5, na imekatwa na mistari mitatu ya plastiki. Mistari hiyo hutenganisha vipande vinne vya chuma: ncha, pete ya kwanza, pete ya pili na shina. Ncha hupeleka sauti sikio la kushoto, pete ya kwanza sikio la kulia. Vipande viwili vilivyosalia, kimoja ni cha maikrofoni na kingine ni njia ya kurudishia umeme, inayotumiwa na vipande vyote. Hedifoni zisizo na maikrofoni zina mistari miwili tu. Tofauti ya mstari mmoja kati ya pini na tundu, na mtu anaongea mbele ya laptopu robo saa nzima huku wenzake kikaoni wakimwandikia kwamba hasikiki.

Chukua laptopu ya zamani yenye matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maikrofoni. Ukichomeka hedseti ya simu kwenye tundu la waridi, laptopu itasikiliza kupitia ncha ya pini, na ncha ni ya spika ya kushoto. Cha kustaajabisha ni kwamba ukiisogeza spika hiyo mdomoni na kuongea kwa nguvu, huenda ukasikika kwa mbali. Ndani yake mna koili ya waya kando ya sumaku. Umeme ukipita, koili hutikisika na kutoa sauti. Sauti ikiitikisa koili, nayo huzalisha umeme kidogo.

Lakini maikrofoni halisi ya hedseti haifanyi kazi hivyo, na hapa ndipo penye uhondo. Nyuma ya kile kitobo kidogo kwenye waya kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, uliotiwa chaji ya umeme ambayo hukaa humo miaka na miaka. Karibu yake kuna bamba la chuma. Hewa ikisukumwa na sauti, utando hutikisika kama ngozi ya ngoma, nafasi kati yake na bamba hupungua na kuongezeka, na volti hupanda na kushuka kwa kuifuata sauti. Kifaa hiki huitwa maikrofoni ya elektreti. Kiliundwa mwaka 1962 katika maabara za Bell, New Jersey, na Gerhard Sessler, Mjerumani, pamoja na James West, Mmarekani mweusi kutoka Virginia, wote wawili waliozaliwa Februari 1931. Ugumu ulikuwa kupata utando usiopoteza chaji, nao wakaupata katika Teflon. West amesimulia kwamba wazazi wake hawakutaka asome fizikia. Baba yake alimkutanisha na watu weusi wenye shahada za uzamivu ambao kazi bora waliyoipata ilikuwa posta. Naona habari hiyo inastahili kujulikana na kila anayeivaa hedseti.

Umeme unaotoka kwenye utando huo ni hafifu mno kusafiri wayani, kwa hiyo kando yake huwekwa transista ndogo ya kuutia nguvu. Transista hiyo yenyewe inahitaji umeme, na anayeutoa ni laptopu: volti chache tu, zinazoshuka kwenye waya uleule ambao sauti yako inapandia. Ndani ya laptopu kapasita huzuia umeme ule wa kulisha na kuiachia sauti ipite, kisha sauti hupimwa mara 44,100 au 48,000 kila sekunde na kugeuzwa kuwa namba. Ndiyo maana kugusana tu hakutoshi: kipande cha maikrofoni kisipokutana na umeme wake, maikrofoni ni bubu.

Kwa laptopu ya matundu mawili, dawa ni splita yenye tundu moja na pini mbili. Iangalie kabla ya kulipa, maana ipo nyingine yenye pini moja na matundu mawili, ya watu wawili kusikiliza muziki pamoja, na hiyo haitakufaa. Laptopu nyingi mpya zina tundu moja la vipande vinne, na hedseti ya simu huingia moja kwa moja. Hapo anayepata tabu ni mwenye maikrofoni ya kompyuta ya zamani yenye mistari miwili: shina lake refu huunganisha njia ya maikrofoni na ya kurudishia umeme, zikapiga shoti.

Kuna na hedseti za zamani ambazo pete ya pili na shina vimebadilishana kazi. Utazitambua kwa muziki: ala zinasikika kwa mbali, sauti ya mwimbaji imetoweka. Spika zimekosa njia ya kurudishia umeme, hivyo kila kilicho sawa kushoto na kulia hufutika. Bonyeza kitufe cha kupokelea simu na mwimbaji atarudi, kwa kuwa kitufe hicho huunganisha vipande vile viwili.

Mambo yakishakaa sawa, fungua mipangilio ya sauti na uchague hedseti kuwa chanzo cha sauti. Kisha gusagusa maikrofoni yake kwa ncha ya kidole huku ukitazama kipimo cha sauti kwenye mipangilio hiyo. Kikitulia, halafu kikaruka ulipogusa fremu ya kioo cha laptopu, laptopu bado inatumia maikrofoni yake ya ndani.