Shauri la Bondeni

Mtu wa mjini asikiapo kwamba bonde la Rufiji limejaa maji tena, aghalabu swali lake la kwanza huwa hili: watu wale, hali wanajua kwamba mto una ada ya kufurika, wana sababu gani ya kurudi? Swali hilo lina huruma ndani yake, walakini limejengwa juu ya dhana kwamba mkulima wa bondeni hukata shauri siku maji yanapofika kizingitini, akimbie au akae. Ilhali siku hiyo shauri limekwisha kukatwa zamani, miezi kadhaa nyuma, wakati wa kutia mbegu.

Mpunga wa bondeni hupandwa kwa mvua za vuli, nao sharti uwe umekwisha kurefuka kabla mto haujapanda wakati wa masika, maana mche mrefu huinua kichwa juu ya maji ukaishi, na mche mfupi huzama ukaoza. Basi vuli ikichelewa, mkulima yumo katika mizani: akipanda, huenda gharika ikaukuta mpunga ungali mchanga, asipopanda, na mto usitoke, atakuwa amejinyima mavuno kwa hadhari yake mwenyewe. Wala hapimi mpunga peke yake. Maji yakisha kurudi mtoni huacha tope jipya lenye rutuba na unyevu, na juu ya tope hilo hupandwa mahindi, kunde na maboga, kilimo ambacho Warufiji hukiita mlau, kisichongoja mvua. Kwa hiyo mwaka uliozamisha mpunga waweza kuwa ndio mwaka uliostawisha mlau. Na mwaka ambao mto haukuvuka kingo zake, mwaka usioandikwa na gazeti lolote, waweza kuwa ndio wa njaa.

Asiyelijua hilo hataelewa yaliyofuata mafuriko ya 1968, serikali ilipowahamisha watu kutoka bondeni na kuwaweka katika vijiji vipya vya miinukoni, kwa jina la Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa kuwaokoa na maji na kuwakusanya karibu na huduma, nami siidharau. Lakini nyumba zilihama, mashamba hayakuhama. Msimu ulipowadia watu walishuka tena, wakakaa shambani katika madungu.

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye sakafu ya miti na ngazi ya kupandia, ambamo mtu hulala, hupika na kuwafukuza ndege na nguruwe, na mto ukipanda huyaona maji yakipita chini yake, mtumbwi umefungwa kwenye nguzo. Sasa, nguzo hizo zikatwe kwa urefu gani? Hapo ndipo elimu ya nafsi inapoingia, kwani mwenye dungu hupima kwa maji aliyoyaona mwenyewe, au kwa yale aliyosimuliwa na babu yake, na ni shida kwa binadamu yeyote kuyajengea maji ambayo hakuna jicho lililoyaona. Mwanajiografia Robert Kates, aliyechunguza wakaazi wa kando ya mito ya Marekani na kuandika juu yao mwaka 1962, aliwakuta na hali hiyo hiyo: mazoea yao ndiyo yaliyokuwa kifungo chao. Mwenzake Gilbert White alikwisha onya tangu 1945 kwamba kutegemea kuta na mabwawa peke yake hakumalizi hasara, kwa kuwa penye ukuta watu hujenga kwa imani zaidi.

Onyo hilo limefika Rufiji nalo. Juu ya mto sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Na Aprili 2024 maji yaliingia wilaya za Rufiji na Kibiti, mwaka uliokuwa na mvua nyingi mno. Sitaki kuingia katika ubishi wa kipi cha kulaumiwa, mvua au bwawa. Nitakalo kulionyesha ni kwamba ishara zenyewe zimebadilika: mtu aliyezoea kuchomeka kijiti ukingoni jioni, na alfajiri kukitazama apate kujua mto umepanda kiasi gani, alikuwa akisoma mvua iliyonyesha mbali huko bara, na kwa kusoma huko aliweza kutabiri; leo anasoma mvua pamoja na amri ya kufungua lango, na kijiti hakiwezi kumpambanulia. Anachohitaji sasa ni habari imfikie akiwa dunguni, si kijijini miinukoni iliko ofisi: limefunguliwa lango lipi, na maji yake yatachukua siku ngapi kufika kwenye mpunga wake.