Kabla ya kununua tochi ya bandani, ijue tabia ya kitufe chake

WAFUGAJI wa kuku wa Mkuza, Kibaha, wanapokwenda dukani kununua tochi au taa ya LED ya kuchaji huuliza mambo mawili: bei, na kama inamulika vizuri. Swali la tatu huulizwa kwa nadra, nalo ndilo linalokula mtaji: chaji ikikaribia kwisha, taa hiyo inafanya nini?

Somo hili nililipia ada mwenyewe. Nilikuwa na vifaranga 300 wa wiki moja, umeme ukakatika, nikatundika tochi ya sh. 8,000 juu ya bruda. Joto lilitoka kwenye jiko la mkaa. Saa nane usiku tochi ikazimika ghafla.

Vifaranga wakishtushwa na giza hukimbilia kona moja na kulaliana. Asubuhi niliokota 41 waliokufa. Nilikuwa nimewanunua kwa sh. 1,600 kila mmoja, hivyo hasara ilikuwa sh. 65,600, yaani tochi nane za aina ile na chenji inabaki.

Tochi yenyewe haikuwa mbovu. Ndani ya taa nyingi za siku hizi mna chipu yenye programu ndogo, ambayo kazi yake ni kuhesabu unavyobonyeza kitufe na kupima betri. Betri ya kawaida ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2. Ikishuka karibu na volti 3, programu hukata umeme ili betri isiharibike.

Kukata si kosa. Tofauti ni kwamba taa nyingine hupunguza mwanga kwanza, hatua kwa hatua, ukapata muda wa kuamka na kuwasha chemli. Nyingine huzima bila hodi.

Zile tochi nzito za betri ya risasi mara nyingi hazina ulinzi huo. Mwanga hufifia taratibu na vifaranga husalimika, lakini betri ikiachwa tupu siku nyingi haishiki chaji tena.

Tatizo jingine ni kupepesa. Tochi nyingi zina kitufe kimoja: bonyeza mara ya kwanza mwanga mkali, ya pili hafifu, ya tatu inapepesa, ndipo izime. Kila ukitaka kuzima lazima uwapepesee kuku machoni! Sijui nani aliyebuni hili alikuwa akifuga nini.

Huko nje wapo wapenzi wa tochi waliochoshwa na mambo hayo wakaandika programu zao wenyewe. Inayojulikana sana inaitwa Anduril, na ilitosha kwenye chipu ya ATtiny85 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 8 tu. Ukishikilia kitufe mwanga hupanda polepole, ukiachia unabaki palepale. Tochi ikiwa imezimwa, ukibonyeza mara tatu hupepesa kukuhesabia volti za betri. Tochi hizo ni ghali kwa mfugaji mdogo, lakini zinaonyesha kuwa kitufe kimoja kinaweza kusema ukweli.

Kwa taa za sola za kulipia kidogo kidogo, mtindo ulioenezwa na kampuni kama M-KOPA ya Kenya tangu 2012, programu huhesabu pia siku ulizolipia. Zikiisha taa hujifunga hata kama betri imejaa. Muulize wakala hujifunga saa ngapi, na kama vifaranga wako bandani usingoje siku ya mwisho.

Ukinunua, ichaji ijae, iwashe kwa mwanga utakaoutumia, kisha angalia saa mpaka izime. Ninayotumia sasa hukaa saa sita na nusu na hupunguza mwanga nusu saa kabla. Nimeyaandika hayo ubavuni mwake kwa kalamu ya wino mzito, ili kijana wa zamu asibahatishe.