Ibada Zinazoongozwa na Waumini Wenyewe

Wengi wetu tuliosoma katika shule za misheni tumezoea kwamba kasisi ndiye asemaye, nasi kazi yetu ni kusikiliza. Lakini huko Marekani yako makundi ya Wayunitari yasiyo na kasisi hata mmoja, na ibada zao hazikosi. Mwaka 1948 chama chao kilikubali kwamba watu kumi tu waweza kuunda kundi la ibada pasipo kungojea mhubiri wa kulipwa. Kundi la kwanza lilianza mwaka huo huo katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado.

Basi waumini hushika zamu. Leo ataongoza mwalimu, Jumapili ijayo mkulima au mama wa nyumbani, naye mwenyewe huchagua nyimbo, masomo na jambo la kunena. Nakiri kwamba hotuba nyingine huweza kuwa mhadhara mkavu usio na sala. Hata hivyo mhubiri wa namna hii hawezi kujificha nyuma ya joho, maana Jumatatu atakutana na wasikilizaji wake dukani. Akinena juu ya haki, watataka kujua anamlipaje kibarua wake. Akisimulia historia ya mji wao, hana budi kusema pia ni wenyeji gani waliokuwa na ardhi ile kabla ya kunyang'anywa.

Na haki imewagharimu. Mwezi wa Machi 1965 James Reeb, kasisi wa Kiyunitari, aliitikia wito wa Dr. Martin Luther King, akaenda Selma, Alabama, kutetea haki ya Weusi kupiga kura. Tarehe 9 alipigwa na Wazungu wenzake barabarani. Tarehe 11 akafa.

Hata sikukuu yao ya maua ina habari nzito. Ilianzishwa Prague mwaka 1923 na Norbert Čapek, kwa kuwa wengi wa washarika wake walikuwa wameacha Kanisa Katoliki, wala hawakutaka tena ibada ya mkate na divai. Kila mtu huleta ua, huliweka chomboni pamoja na ya wenziwe, na akiondoka huchukua ua lililoletwa na mwingine. Mkewe, Maja, aliipeleka ibada hiyo Marekani mwaka 1940. Čapek alibaki; Wanazi wakamkamata mwaka 1941, wakamwua mwaka 1942.

Makundi mengi huiadhimisha kila mwaka maua yanapochanua. Haihitaji mkono wa kasisi: hata mtoto aweza kukipitisha chombo.