Vidole Havijasahau: Kurudi Kwenye Gemu Dzaleka na Lilongwe

Kijana aliyekaa karibu mwaka bila kugusa gemu akirudi kibandani, akafungwa matano na dogo ambaye zamani yeye ndiye aliyekuwa akimfunga kila Jumapili, husema neno moja: vidole vimekufa. Walioketi kwenye benchi wakingoja zamu nao humwambia hivyo hivyo. Mdogo mtu ananyoosha mkono: “Yaya, pisha kwanza.” Nataka kulipima neno hilo la vidole, kwa sababu linawafanya vijana wenye uwezo kuiachia manete moja kwa moja, na sehemu kubwa ya neno hilo si kweli.

Tuanze na mapumziko yenyewe, maana hapa watu hawayachagui. Dzaleka iko wilayani Dowa, Malawi, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza la kisiasa la enzi ya Kamuzu Banda. Ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 kwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na Mei mwaka huo polisi wakaanza msako Lilongwe. Watu walipoteza maduka na nyumba, na mbele ya hasara hiyo gemu ni jambo dogo. Lakini kijana aliyekuwa na televisheni yake na intaneti ya kuaminika mjini, akajikuta anaanza maisha upya Dowa, naye alipoteza kitu alichokijua vizuri kuliko wenzake, na kitu hicho kina thamani kwake. Ongeza umeme: Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu bwawa la umeme la Kapichira, nchi nzima ikaingia kwenye mgao mkali. Kisha Novemba 2023 kwacha ikashushwa thamani kwa asilimia 44, na kila kinachoagizwa nje, simu na mashine zikiwemo, kikapanda bei. Ndivyo mtu anavyokaa miezi bila kucheza.

Sasa vidole. Mwaka 1962 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edwin Fleishman na James Parker, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mchezaji anayerudi angefaa kulijua. Waliwafundisha watu kuendesha chombo kinachofanana na usukani wa ndege, kazi ya mikono na macho kwa pamoja, kisha wakawapumzisha kwa miezi mingi, wengine hadi 24. Waliporudi, walikuwa karibu pale pale walipoachia. Kidogo kilichopungua kilirudi ndani ya dakika za mwanzo za mazoezi. Kazi inayoendelea bila kukatika, ambayo jicho linaongoza na mkono unafuata, hukaa mwilini muda mrefu sana.

Basi kinachokufunga ni nini? Kaa nyuma ya anayerudi umtazame akizuia. Katika PES, gemu ya mpira wa miguu, kitufe cha L1 hubadilisha mchezaji unayemwongoza. Mwenye mazoezi hubonyeza L1 kabla pasi haijaondoka, kwa sababu ameshamsoma mpinzani na anajua mpira unakwenda wapi. Aliyekaa muda mrefu hubonyeza baada ya pasi kuondoka. Kidole chake kina kasi ile ile, ila kinangoja macho yaamue, na macho yanautazama mpira badala ya nafasi iliyo wazi. Kisha kwa hofu ya kuchelewa anakandamiza R1, kitufe cha kukimbia, muda wote, beki wake anakimbia ovyo na kuacha pengo nyuma. Ukimwambia vidole vimekufa, atazidi kukandamiza. Dawa yake ni kinyume: aachie R1, arudi nyuma, aache mpinzani aje. Akikubali kufungwa mechi chache kwa namna hiyo, macho yataanza kuona mapema.

Kingine kilichopotea hakimo mwilini mwake kabisa. Ni habari. Hapa tofauti ya kibanda na mtandao ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, na utengenezaji wake ukakoma mwanzoni mwa 2013. Mwenye kibanda anayeitumia bado na diski ya PES anakupa mchezo ule ule uliouacha. Kilichobadilika ni watu tu: dogo amejifunza krosi mpya, jirani ameacha kupiga mashuti ya mbali. Hayo unayajua kwa kukaa benchi saa moja. Mtandaoni, mchezo wenyewe unahama ukiwa haupo. Konami iliizika PES na kuleta eFootball mwezi Septemba 2021. EA iliachana na jina la FIFA na kutoa FC 24 Septemba 2023. Kati ya matoleo hayo kuna masasisho yasiyohesabika, kasi ya mchezaji huyu imepunguzwa, silaha ile ya Free Fire imedhoofishwa. Aliyeondoka akiwa bingwa anarudi na majibu sahihi ya maswali yaliyokwisha kufutwa.

Na kuna umbali, ambao hauna uhusiano na kipaji chako. Malawi haina bahari, kwa hiyo intaneti yake inavuka nchi jirani kwanza ndipo ikutane na nyaya za baharini. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa seva iko Ulaya, na njia ya waya ni kama kilomita 12,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 120, hata kama kila kitu kingine kingekuwa kamilifu. Skrini inayochora picha 60 kwa sekunde itakuwa imechora picha saba kabla jibu halijakufikia. Binadamu mwenyewe anahitaji karibu robo sekunde kuitikia anachokiona. Kwa hiyo usijipime mtandaoni siku ya kwanza, hasa kwa bando la simu jioni, wakati kila mtu yuko hewani. Utauhesabu umbali kama uzee.

Uzee nao una takwimu zake. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walichambua mechi za wachezaji 3,305 wa gemu ya StarCraft II, wenye umri wa miaka 16 hadi 44, wakakuta kasi ya kuitikia inaanza kushuka kwenye miaka 24. Hilo lilitangazwa sana. Lililotajwa kidogo ni kwamba wakubwa walionekana kufidia kwa mbinu rahisi zaidi na kwa kutumia vizuri vitufe vya njia ya mkato. Mimi naliona hilo la pili kuwa na maana zaidi kwa kaka wa miaka 30 anayesita kukaa benchi na watoto.

Linabaki suala la daraja, na hapa naamini vibanda vyetu vinaweza kufanya vizuri kuliko vinavyofanya. Arpad Elo, Mmarekani mzaliwa wa Hungaria, alibuni hesabu ya viwango vya sataranji ambayo shirikisho la dunia, FIDE, liliikubali mwaka 1970. Mwenye pointi 1600 akikutana na wa 1400, anatarajiwa kupata wastani wa 0.76 ya pointi kwa mechi. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba namba haijui kuwa ulikuwa haupo. Mark Glickman, mwanatakwimu wa Marekani, aliirekebisha miaka ya 1990 kwa kuongeza kipimo cha mashaka: kadiri unavyokaa bila kucheza, ndivyo mashaka juu ya namba yako yanavyokua, na ndivyo namba inavyosogea haraka unaporudi.

Mwenye kibanda anaweza kulifanya hilo kwa daftari na kikokotoo cha simu. Mchezaji wa kawaida apewe kizidisho cha 20, yaani namba inayozidishwa kwa tofauti kati ya alichopata na alichotarajiwa kupata, na anayerudi 40 kwa mechi kumi za mwanzo. Yule wa 1600 akifungwa na wa 1400, badala ya kupoteza pointi 15 anapoteza 30, na kushuka hadi 1570, halafu mechi ya pili apangiwe mtu wa karibu na hapo. Dogo aliyemfunga aongezewe 15 tu, kwa kuwa amemfunga mtu ambaye kiwango chake cha leo hakijulikani bado. Baada ya mechi kumi, kizidisho kirudi 20, na jina la mtu huyo liandikwe tena pamoja na wengine.