Parkinson na gluteni: muzee mwenye kutetemeka aache mukate?

Siku hizi mu magrupu ya familia kunapita ujumbe unaosema hivi: muzee akiwa na Parkinson, mumukataze mukate, chapati na mandazi, na atapona. Kwa baba mukubwa wangu, watoto wake walikata mukate, halafu wakaanza kupunguza na vidonge, juu "chakula kitafanya kazi". Ndipo wakaniuliza mimi niliyesoma agronomie. Mimi si munganga, lakini nafaka na protini njo mambo niliyosomea. Niliwaambia warudie kwanza kipimo cha vidonge kama munganga aliandika. Sasa niwaeleze na ninyi sababu.

Gluteni iko nini? Ni protini za ngano, na za jamaa zake shayiri na rai. Ukikanda unga wa ngano na maji, unavutika kama mpira: hiyo njo gluteni. Muhogo, mihindi, muchele, mutama, ndizi, viazi na maharagi havina. Kwa hiyo mutu anayekula bukari ya mihindi ao ya muhogo na sombe tayari anakula bila gluteni, bila kununua kitu chochote cha supermarché.

Kuna watu ambao gluteni inawaumiza kweli. Wana ugonjwa wa siliaki: mwili unapigana na gluteni, na utumbo unaharibika. Munganga wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alifuatilia jambo hilo wakati wa njaa ya 1944-1945: mukate ulipokosekana, watoto wagonjwa walipata nafuu, na uliporudi wakaumwa tena. Baadaye, mu miaka ya 1990, Marios Hadjivassiliou wa Sheffield, Uingereza, alionyesha kwamba kwa watu fulani gluteni inaweza kugusa hata ubongo mudogo, mutu akaanza kutembea akiyumbayumba.

Parkinson ni jambo lingine. James Parkinson aliieleza mu 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini zinakufa pole pole, na mutu anakuwa muzito, mugumu wa viungo, mara nyingi anatetemeka. Hapa kwetu wengine wanasemaka amerogwa. Hapana. Dawa kubwa ni levodopa, ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini.

Sasa, gluteni na Parkinson zinakutana wapi? Mu 2014 madaktari wa Italia waliandika habari ya mugonjwa mumoja aliyekuwa na dalili za Parkinson na pia siliaki iliyojificha. Alipoacha gluteni, alipata nafuu kubwa. Lakini huyo ni mutu mumoja, na alikuwa na siliaki. Utumbo ulioharibika unaweza pia kushindwa kupokea dawa vizuri. Kutoka hapo mpaka kusema kila muzee mwenye Parkinson aache mukate, ni kuruka muto bila daraja.

Mutauliza: na wale wanaosema walijisikia vizuri? Pengine ni kweli. Ugonjwa huu unaletaka sana kufunga choo, na tumbo likienda pole, kidonge kinachelewa kufika. Mutu akiacha mandazi na kuanza kula viazi vitamu, mboga na matunda, choo kinalainika na dawa inafanya kazi vizuri zaidi. Tena Parkinson iko na siku nzuri na siku mbaya, na matumaini peke yake yanaweza kuleta nafuu ya muda.

Protini yenye kusumbua kweli haiko ya ngano peke yake. Levodopa inapita mu mulango mumoja na vipande vya protini, mu utumbo na pia wakati wa kuingia mu ubongo. Mutu akimeza kidonge pamoja na maharagi, samaki ao nyama, wanasukumana mulangoni. Ndiyo maana waganga wanashauri kumeza nusu saa mbele ya kula, ao saa moja na zaidi kisha kula. Wengine wanaambiwa protini nyingi waziache kwa chakula cha mangaribi. Kusogeza si kukataa: muzee akikosa protini, anakonda na nguvu zinaisha.

Mambo mawili yanahusu shamba. La kwanza: mukikata mukate na kuweka muhogo mahali pake, muangalie muhogo wenyewe. Muhogo muchungu usiolowekwa siku za kutosha unabaki na sianidi, na kwa mutu mwenye kukosa protini unaleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao Trolli aliueleza hapa Congo mu 1938. Loweka siku tatu ao zaidi, kausha vizuri, na kula na maharagi ao samaki.

La pili: mucuna, ile tunapandaka ili kufunika udongo na kuurutubisha. Mbegu zake ziko na levodopa kweli, na mu 2017 kulitoka utafiti juu ya wagonjwa 18 wa Bolivia uliozijaribu. Lakini kiasi kinabadilika kufuatana na aina na shamba. Kuzisaga nyumbani na kuongeza juu ya vidonge ni kumupa muzee dozi usiyoijua: kutapika, presha kushuka, mwili kurukaruka.

Kwa hiyo, kama muzee ana kuharisha kwa muda murefu, anakonda, ao damu yake imepunguka, muombe munganga kipimo cha siliaki, na mufanye hivyo mbele ya kuacha mukate, juu ukiisha kuuacha kipimo kinaweza kudanganya. Kama hana dalili hizo, mukate kidogo haumuui. Muandike saa za vidonge na saa za kula juma moja, mupeleke karatasi hiyo kwa munganga. Na vidonge visikatwe na mutu wa nyumbani: kuvisimamisha kwa gafula kunaweza kumufanya akazike mwili, apate homa kali, hata afe.