Mnara wa taa Mombasa: Matembezi yanayomfaa mtoto wa Baba Dogo

MTOTO wa Baba Dogo hujua mengi kabla hajamaliza shule ya msingi. Hujua kuvuka Barabara ya Outer Ring magari yakiwa yamefurika, na hutambua saa kwa milio ya viwanda. Lakini wapo wengi wanaofika kidato cha nne bila kuiona bahari. Huisoma kitabuni na kuijibu katika mtihani kana kwamba ni kitu cha nchi nyingine.

Mzazi akiulizwa husema pesa hazipo, wala hasemi uongo. Hata hivyo, kuna mahali Mombasa ambapo familia ya kipato cha kawaida, ikijipanga mapema, inaweza kumpa mtoto somo asilolisahau. Ni Ras Serani, kando ya Barabara ya Mama Ngina, kwenye mnara wa taa. Wenyeji huliita eneo hilo Lighthouse.

Kazi ya taa

Mlango wa bahari wa Kilindini hauko wazi kama barabara kuu. Pande zote kuna miamba ya matumbawe ambayo maji yakijaa huwezi kuiona. Ndiyo sababu Ras Serani kuna taa za kuongozea meli. Taa za namna hii huwekwa mbili: moja mbele, chini kidogo, na nyingine nyuma yake, juu zaidi. Nahodha akiziona zimesimama mstari mmoja, anajua yuko katikati ya mkondo. Zikiachana, amepotoka, na lazima arekebishe usukani kabla ya kugonga mwamba.

Mweleze mtoto wako jambo hilo papo hapo, meli ikipita mbele yenu. Kisha mwambie kwamba ngano nyingi inayosagwa nchini hutoka nje na kushushwa Kilindini. Mafuta ya matatu anayopanda pia hupitia hapo. Isitoshe, Nairobi yenyewe ni mtoto wa bandari hiyo: reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ndipo mji ukazaliwa.

Njia ya kando ya maji

Eneo hilo lilifanyiwa ukarabati mkubwa kabla ya sherehe za Mashujaa zilizofanyika hapo Oktoba 20, 2019. Njia za kutembea kwa miguu zimetengenezwa juu ya jabali, na kuna mahali pa kukaa. Mibuyu mikongwe inatoa kivuli. Ni bustani ya umma; hulazimiki kununua kitu ndipo ukae.

Saa nzuri ni jioni, jua likipoa na upepo ukivuma kutoka baharini. Upande mmoja mtaona feri za Likoni zikivusha watu, na anayevuka kwa miguu halipi nauli. Upande wa pili bahari imefunguka hadi macho yanapokoma. Ras Serani kuna pia mabaki ya ngome ndogo ya Wareno, na Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, haiko mbali. Wachuuzi huuza mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, viazi karai, mabuyu na madafu.

Tahadhari moja ni muhimu. Chini ya jabali mawimbi yana nguvu, na mkondo ni wa meli, si wa kuogelea. Wadogo washikwe mkono. Wanaotaka kuoga baharini wapelekwe ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, wakiwa na mtu mzima wa kuwatazama.

Usitarajie kuupanda mnara wenyewe. Wanaotaka kupanda hupata nafasi hiyo kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, kwenye mnara uliojengwa mwaka 1904 ambao sasa umo ndani ya hifadhi yenye njia za msituni. Lakini hiyo ni safari ya mfuko mnene.

Maji yetu hufika huko

Kuna jambo lingine ambalo wanafunzi wa mitaa yetu wanapaswa kulijua. Mto Nairobi, unaopita Korogocho na Dandora, majirani zetu, humwaga maji yake katika Mto Athi. Athi huteremka hadi pwani, ambako huitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini ya Malindi. Chupa ya plastiki inayotupwa mtaroni Baba Dogo ina njia ya kufika katika bahari hiyo hiyo. Mtoto aliyesimama Ras Serani akaelewa hivyo hatahitaji kuhimizwa mara mbili kuhusu usafi wa mtaa.

Kupanga bajeti

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huondoka Syokimau na kufika Miritini. Kutoka hapo kuna matatu za mjini. Nauli ilipopandishwa Januari 2024, daraja la kawaida lilifika Sh1,500 kwa mtu mzima, na watoto wa miaka 3 hadi 11 nusu yake. Kwa hesabu hiyo, baba, mama na watoto wawili wadogo hutumia Sh9,000 kwenda na kurudi, kabla ya malazi na chakula. Thibitisha nauli kabla ya safari, kata tiketi mapema, na mfike stesheni saa moja kabla mkiwa na vitambulisho.

Sh9,000 si pesa kidogo. Lakini familia ikiweka Sh200 kila wiki, nauli hiyo hupatikana kwa wiki 45, na likizo ya Desemba ikifika safari iko tayari. Waacheni watoto nao watie sarafu zao katika kibubu. Waswahili husema tembea uone, na mtoto aliyechangia safari huangalia kwa makini zaidi.