Ford Escort na Safari Rally: Gari Lililokomazwa na Barabara

Aliyewahi kusafiri kutoka Isiolo kuelekea Merti kupitia Gotu anafahamu kuwa barabara ya vumbi na mawe haidanganywi kwa sifa. Makala haya yanafafanua makuzi ya gari la Kiingereza, Ford Escort, kwa kipimo cha barabara za aina hiyo.

Escort ilizinduliwa Uingereza mwaka 1968, ikiwa gari dogo la familia. Mwaka 1970 lilitoka toleo la RS1600, lenye injini iliyosanifiwa na Cosworth: vali nne kwa kila silinda badala ya mbili zilizozoeleka. Vali zikiongezwa, injini huvuta hewa na kutoa moshi kwa wepesi, nayo nguvu huzidi. Hata hivyo, nguvu pekee haikutosha katika Safari Rally, mashindano yaliyoanza Afrika Mashariki mwaka 1953. Ilibidi bodi iimarishwe na springi zihimili mashimo. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alishinda kwa RS1600, akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kutwaa ushindi huo. RS1800, ya kizazi cha pili cha Escort, ilimpa Björn Waldegård wa Uswidi ushindi mwaka 1977.

Msomi wa fasihi hulinganisha matoleo ili aone ni nini kilichoyabadilisha. Tukiisoma Escort vivyo hivyo, tutaona kuwa kiwanda kiliiunda, lakini barabara zetu ziliihariri. Sehemu hiyo ya historia yatupasa tuiandike wenyewe, kwa Kiswahili.